Kiti 2A, Pazia na Ndoa Yangu

Kwa Mkuu wa Huduma za Abiria Wenye Kadi,
Shirika la Ndege ambalo mimi ni mteja wake mtiifu.

Mheshimiwa Mkuu,

KUHUSU: KITI 2A, PAZIA LA KIJIVU, NA NDOA YA MIAKA ISHIRINI NA MITANO

Natumai barua hii itakukuta u mzima, umekaa kwenye kiti kinachoegemeka. Mimi ninayekuandikia nimekalia kiti chenye mguu mmoja mfupi, na kwa nini nimekikalia utaona kwenye namba sita.

Kwanza nijitambulishe. Mimi ni fundi wa viti vya madaktari wa meno. Vile viti vinavyopanda, kushuka na kulala huku mgonjwa akitafuta mlango kwa macho, vikigoma, naitwa mimi. Nahudumia kliniki thelathini na moja katika miji tisa, ndiyo maana maisha yangu ni ndege, teksi, kliniki, ndege. Mke wangu ni mwalimu wa darasa la nne. Maisha yake ni watoto hamsini na wawili na kalamu nyekundu. Barua zangu zote huzisahihisha yeye: mimi huziweka jioni chini ya birika la chai, asubuhi nazikuta zimepona. Hii haitapata bahati hiyo, kwa kuwa hatusemezani, hii ni wiki ya tatu. Makosa utakayoyakuta nistahimilie.

Hatusemezani kwa sababu yenu. Malalamiko yangu ni haya.

1. Kadi. Miaka mitatu iliyopita mlinitumia ujumbe kwamba nimebakiza maili chache niwe Abiria wa Fedha. Sikuwa nimeomba kuwa mtu wa fedha. Nilikuwa mtu wa spana, nimetulia zangu. Lakini, Mheshimiwa, mtu akishaambiwa amebakiza kidogo atatulia vipi? Nikaipata Fedha, mkanionyesha Dhahabu. Nikaanza kupanda ndege mbili kwenda mahali panapofikiwa kwa moja. Desemba iliyopita nilikuwa nimepungukiwa maili mia nne, na mwaka ulikuwa unakwisha. Nikakata tiketi, nikaruka hadi mji ambao sina hata mteja mmoja, nikanywa chai uwanjani, nikarudi na ndege ileile, kiti kilekile, na mhudumu yuleyule, ambaye alinitazama kama mtu aliyesahau kushuka.

Siku hiyo mke wangu alikuwa anapewa cheti cha mwalimu bora, mbele ya wazazi wa shule nzima. Nilipofika nyumbani yeye alinionyesha cheti, mimi nikamwonyesha kadi. Kadi nimeinunulia kifuko cha ngozi. Cheti bado hakina fremu. Hayo nayataja ili uone jinsi mlivyoniharibu.

Na kila nilipochelewa kurudi nilikuwa na jibu: hizi maili nakukusanyia wewe, mke wangu, siku utakayopanda ndege utakaa mbele. Alikuwa hajawahi kupanda ndege maishani mwake. Nimelisema jibu hilo mara nyingi sana hadi nikawa naliamini mwenyewe.

2. Swali la kaunta. Mwezi uliopita tulitimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa. Tukapanga safari ya siku nne kwenda kupumzika, na sharti lake mke wangu lilikuwa moja tu: twende mji usio na kliniki yangu. Uwanjani nikatoa kadi, nikaiweka kaunta taratibu ili foleni yote iione. Dada wa kaunta akabonyeza, akabonyeza, akasema maili zangu zinatosha kumpandisha daraja mtu mmoja, na kwa bahati kiti cha mbele kimebaki kimoja, 2A. Kisha akauliza kati yetu nani akae huko.

Hapa ndipo shirika lilipokosea. Swali la namna hiyo haliulizwi kaunta huku mabegi yanapimwa na watu wanaguna nyuma yako! Lingetumwa kwa maandishi siku saba kabla, mtu akakaa nalo, akashauriana na wakubwa zake. Ulimi hauna mfupa, Mheshimiwa. Kabla yule dada hajafunga mdomo nikasikia mtu anasema “mimi.” Nikageuka nimwone huyo mwenye pupa ni nani. Nyuma yangu hakuna aliyekuwa amefungua mdomo.

Mke wangu alisema, “Haya, safari njema,” kama vile tunakwenda miji tofauti, akachukua mkoba wake. Alipewa 31E. Kama huijui ndege yako nikukumbushe: ni mstari wa mwisho, kiti cha katikati, na nyuma yake ni ukuta wa choo.

3. Pazia. Nilikusudia kumpungia mkono. Kweli kabisa niligeuka kumpungia. Lakini ninyi mna pazia la kijivu kati ya abiria wa mbele na wa nyuma, na taa ya mikanda ilipozimika tu, mhudumu akalivuta. Sasa mume atampungiaje mkewe kupitia kitambaa? Watu waliapa mbele ya mashahidi kwamba hakuna kitakachowatenganisha, nanyi mnawatenganisha kwa mita mbili za poliesta.

Kwa kuwa naandika kwa uaminifu, niongeze kwamba pazia lilibakiza upenyo, na mimi ndiye niliyemwomba mhudumu aliweke sawa. Ule upenyo ulikuwa unanitazama.

4. Kiti chenyewe. Nilibonyeza kitufe ili niegemee. Kiti kikasema krrr, kikagoma. Mheshimiwa, mlio ule naujua kuliko mlio wa simu yangu. Ni pini imechomoka kwenye mkono wa kuegemea. Mtu mwenye akili angemwita mhudumu. Mimi nikavua koti, nikapiga magoti kwenye zulia lenu.

Spana zangu zilikuwa ndani ya begi kubwa tumboni mwa ndege, kwa hiyo nilitumia kijiko cha chakula chenu. Ni kijiko kizuri, nakisifu. Bwana mmoja mwenye tai, wa 2B, ilibidi anyanyue miguu mara nne; mara ya nne hakunijibu hata nilipomshukuru. Dada mhudumu, yule mwenye sauti ya kubembeleza, aliniinamia akaniuliza kama nimepoteza pete. Nikamwambia hapana, natafuta pini. Akaondoka ananitazama kwa huruma ambayo sikuielewa siku ile.

Saa nne nzima nilikuwa chini. Dakika kumi kabla ya kutua pini ikaingia, kiti kikalala laini kama kitanda cha bwana harusi. Nikajifuta jasho, nikakaa, nikaegemea. Papo hapo rubani akatangaza kwamba viti vyote viwekwe wima.

Kwa hesabu yangu, nimelipa maili elfu arobaini ili niwafanyie kazi. Daktari wa meno akiniita hunipa hata kikombe cha maji.

5. Hapa nilikuwa nimeandika jambo, nimelifuta kwa wino mara tatu. Halihusiani na shirika lenu. Tuendelee.

6. Hali ya nyumbani. Tangu turudi, mke wangu ananihudumia kwa daraja la kawaida. Ananiandikia vikaratasi: “Gesi imeisha.” “Vitunguu.” Chai anaimimina, anaiweka, anaondoka. Kati ya jikoni na sebule ametundika shuka la bluu kutoka ukuta hadi ukuta, yaani naye sasa ana pazia lake, na kila nikitaka chumvi nalazimika kulipita kwa adabu. Mezani nimewekewa hiki kiti chenye mguu mfupi, ambacho niliahidi kukitengeneza kabla sijapata hata hiyo Fedha. Binti yetu akipiga simu kuniulizia, anaambiwa, “Baba yako yuko mbele huko.” Mbele gani, Mheshimiwa? Sebuleni!

Jirani yangu, muuza magodoro, nilipomweleza alicheka hadi akajishika kwenye ukuta, kisha akaniambia mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Simlaumu. Yeye hana kadi yoyote, hawezi kuelewa mambo ya watu wa juu.

7. Kwa hayo yote naomba yafuatayo, na nimeyapanga kuanzia rahisi.

Kwanza, mumwandikie mke wangu barua yenye nembo na mhuri, mkieleza kwamba aliyechagua 2A ni kompyuta. Nyumbani kwetu kompyuta inaaminika kuliko mimi.

Pili, muongeze kwenye barua hiyo kwamba 2A ni kiti cha hatari, na kwamba nilikwenda kukikalia ili yeye asikikalie. Hili ni kweli kwa kiasi fulani, kwa sababu angebonyeza kile kitufe angechoka bure.

Tatu, mke wangu apewe kadi kubwa kuliko yangu, kwa sababu ya ukuta wa choo. Kama hamna kadi iliyo juu ya Dhahabu, ibuniwe.

Nne, pazia likatwe katikati liwekewe dirisha dogo, na abiria wa mbele mwenye mke nyuma alazimishwe kuchungulia kila baada ya nusu saa.

Tano, mnifutie Dhahabu yangu. Ndiyo, umesoma sawasawa. Nichukulieni kadi, maili, kifuko cha ngozi na ule ujumbe wa asubuhi unaoniita “Abiria wetu mpendwa.” Mimi mtu wa kuniita mpendwa ninaye mmoja, na sasa hivi yuko upande wa pili wa shuka. Kama kurudisha kadi kunatosha kumfanya aseme neno moja, hata neno la kunitukana, basi njooni muichukue leo. Nyumba imenyamaza mno. Sikujua kwamba mwanamke huyu alikuwa ananisemesha kiasi kile hadi aliponyamaza.

Ikiwezekana jibu lije kupitia karakana yangu, si nyumbani.

Wafikishie salamu wote: marubani, dada wa kaunta ambaye hana kosa sana, mhudumu wa sauti ya kubembeleza, anayefua mapazia, na bwana wa 2B pamoja na miguu yake. Kijiko nilimrudishia mhudumu. Kama kimepinda, kilipinda kwa kazi halali.

Nabaki kuwa wako kwa heshima, nikiwa nimeketi upande upande,

Fundi wa Viti,
Abiria wa Dhahabu (kwa sasa).

Nyongeza, kwa kalamu nyekundu:

Mheshimiwa, anayeandika hapa ni mke wake. Barua hii nimeikuta leo asubuhi chini ya birika. Mwandishi anasema hatusemezani, lakini ameiweka palepale anapoweka zote. Makosa madogo nimeyasahihisha bila kelele. Makubwa ni haya.

Shuka la bluu si pazia. Linakauka. Kamba ya nje ilikatika mwezi wa tatu, nikamwomba fundi mmoja wa viti aifunge, akaniambia akirudi safari. Kiti chenye mguu mfupi nacho si adhabu: viti vyetu vyote vinne viko hivyo. Kinyozi hajinyoi.

Kuhusu 31E, majirani zangu wawili walihama kabla ndege haijapaa, wakaniachia viti vitatu. Nilivua viatu nikalala kama mtoto mchanga. Nilipoamka nilikula sahani mbili, yangu na ya 2A, ambayo yule binti mhudumu aliniletea kwa kuwa mwenyewe alikuwa chini ya kiti na chakula kinapoa. Ilikuja bila kijiko. Binti alikuwa na wasiwasi, akaniuliza kama mzee ni mzima. Nikamuuliza anafanya nini huko chini. Akasema anapiga mluzi. Nikamwambia basi mwache, yuko salama. Kwa hiyo sidai kadi, wala dirisha kwenye pazia, na barua ya kompyuta msihangaike nayo. Safari yangu ya kwanza ya ndege ilikuwa nzuri sana.

Kimya, hicho ni cha kweli. Niliumia, si kwa kiti. Niliumia kwa ile “mimi,” ilivyotoka haraka baada ya miaka mitatu ya kuambiwa “wewe.” Nikasema sitafungua mdomo mpaka aseme yeye kwanza.

Sasa, mimi ni mwalimu wa darasa la nne. Kazi ya mtoto nikiipokea, nasoma kwanza alichokifuta, maana huko ndiko anakoficha alichotaka kusema. Namba tano nimeishika dhidi ya mwanga wa dirisha. Ameandika kwamba alipoketi 2A aibu ilimpanda hadi masikioni, akashindwa kuegemea hata kabla hajajua kiti ni kibovu. Kwamba pini ilimpa sababu ya kupiga magoti. Na kwamba mara mbili alisimama aje nyuma aniombe radhi, akafika kwenye pazia, akarudi. Mwisho ameandika “nisamehe,” na hilo ndilo amelifuta zaidi ya yote.

Ndiyo sababu mtaona tundu katikati ya karatasi. Msidhani ni panya. Nimekikata kile kipande kwa mkasi, hakikuwa chenu, nimekiweka pamoja na cheti changu. Yaliyobaki yapuuzeni yote, hata hilo la kumnyang'anya kadi. Tuna safari ya mwezi wa nane, na safari hii kaunta nitakwenda mimi.

Naomba niishie hapa. Chai imeiva, na nataka kumwita.