Hamsini na Tatu Haitaki Kugawanyika

Kwa Watunzaji wa Maktaba ya Programu ya Kutafuta Vigawo,

Poleni na kazi. Mimi ni mama wa bibi harusi, na nawaandikia kwa heshima zote ingawa damu inanichemka. Harusi ni Jumamosi. Nimeapa kila meza iwe na watu sawasawa, maana ndugu wa mume wangu, meza ikizidi mtu mmoja tu, watasema wamebaguliwa mpaka wajukuu wasikie. Nimehesabu watu, maharusi wakiwemo: hamsini na watatu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mkwe wangu mtarajiwa, ambaye kazi yake ni kuandika programu, aliiuliza maktaba yenu, hiyo ya ndani ya kompyuta isiyo na vitabu, ni namba zipi zinaigawa 53 bila kubakiza. Ikajibu: 1 na 53. Yaani meza moja ndefu isiyopita mlangoni, au kila mgeni na meza yake kama yuko kwenye mtihani!

2. Nilimwambia aiulize tena kwa adabu, aieleze kwamba ni harusi. Jibu lile lile, na mkwe akaniambia eti namba hiyo inaitwa tasa. Jamani, ndilo neno la kumwambia mama wa bibi harusi? Wakati 52, jirani yake wa ukuta mmoja, mmeijalia vigawo sita. Upendeleo wa nini?

3. Mkanilazimisha kupunguza mtu. Nikampigia simu wifi yangu, dada wa mume wangu, nikamwomba asije, kwa sababu za kihesabu. Huyo ndiye aliyemlea binti yangu wakati mimi nimelazwa hospitali, hoi, sijui kama nitapona. Afadhali angenitukana. Alisema sawa tu, akakata simu. Sasa binti kajifungia chumbani, anasema bila shangazi yake hakuna harusi.

Kwa hiyo naomba, kabla ya Jumamosi, 53 igawanyike. Ikishindikana, mpigieni wifi yangu mkiri kwamba nyinyi ndio mliomfuta, si mimi. Nakala ya barua hii nitampelekea ajionee.

Nisalimieni wote hapo kazini, pamoja na hiyo 52 mnayoidekeza.

Ni mimi, mwenye baki ya mtu mmoja,
Mama Bibi Harusi

Tanbihi: Binti ametoka chumbani, macho mekundu, kaniuliza mimi nakaa meza gani. Loo! Nimehesabu watu wote nikajisahau mwenyewe. Bila wifi tuko 53 vilevile. Tukiwa naye ni 54: meza tisa, watu sita sita. Maktaba yenu haina kosa. Nakala ya wifi nimeichana. Naenda kwake mwenyewe sasa hivi, na sijui nitaanzia wapi.