"Sana" Iliyoongezwa Baada ya Sahihi

Redio ya Kinyozi hunguruma kuliko mashine yake ya kunyolea, kwa hiyo habari ile ilisikika hadi upande wa pili wa barabara. Kuna mtu kauza nyumba ya jirani yake. Alikata sahihi ya mwenye nyumba kutoka kwenye picha, akaibandika kwenye mkataba.

"Masikini, karudi kutoka kazini anabisha hodi kwake mwenyewe," alisema Kinyozi.

"Na anaulizwa, 'Una miadi?'" alidakia Antena, fundi simu wa kibanda cha jirani.

Benchi zima la wanaosubiri zamu likacheka mpaka mteja aliyekuwa akinyolewa akaombwa atulize kichwa. Randa peke yake hakucheka. Ni seremala, na leo alivaa shati lililopigwa pasi. Jumamosi ilikuwa siku ya ndoa yake, na muda wowote Shangazi wa bibi harusi angefika kuisoma barua ya ridhaa ya kaka yake, baba mkwe anayefanya kazi mgodini, mbali kabisa. Shangazi alikwisha kutamka: bila barua ya kuaminika, hata viti havikodishwi.

"Unatetemeka nini, bwana harusi? Barua si unayo?" aliuliza Kinyozi.

"Ninayo. Mzee kaitia sahihi kwa ile programu ya simu. Nina faili la barua na kifaili chake cha sahihi."

Lililobaki alilimeza. Jana jioni aliifungua barua, akakuta mzee kaandika: "Namkubali. Ni kijana mwenye bidii." Randa aliona sentensi imeishia njiani. Akaongeza neno moja tu, "sana", akahifadhi. Kifaili cha sahihi hakukigusa. Alimshukuru hata Mungu kwa kumfunulia neno zuri namna ile.

Shangazi akafika, mkoba kwapani.

"Shikamoo, Shangazi," benchi lilimwamkia kwa pamoja.

"Marahaba. Nirushie hayo mafaili, mwanangu. Ufunguo wa kaka yangu wa kuhakikia alinipa mwenyewe alipokuwa likizo."

Randa akamrushia. Shangazi akaisoma barua, akatabasamu, akabonyeza "Hakiki". Simu ikawaka nyekundu: SAHIHI SI HALALI. FAILI LIMEBADILISHWA.

Tabasamu likarudi lilikotoka.

"Labda mtandao," alisema Randa.

"Kuhakiki hakuhitaji mtandao," alisema Antena.

"Labda simu ya Shangazi ina joto."

"Simu yangu haina homa," alisema Shangazi. "Antena, nieleze."

Antena akavuta kigoda. "Mzee akitia sahihi, programu inalipitia faili zima, herufi kwa herufi, inatoa alama moja fupi. Alama hiyo inafungwa kwa ufunguo wa siri uliomo kwenye simu ya mzee tu; huo aliokupa wewe ni wa kuhakikia, haufungi. Wewe ukihakiki, simu yako inalipitia faili upya na kulinganisha alama. Herufi moja ikizidi, alama zinakataana."

"Ni kama nimnyoe mtu, nipige picha kichwa," alisema Kinyozi, "halafu akaende nyumbani ajipunguze mwenyewe. Akirudi kulalamika namwonyesha picha. Hiki kichwa si changu."

"Sasa nani kakipunguza hiki?" aliuliza Shangazi.

Benchi zima likamgeukia mwenye shati la pasi. Randa aliomba kimoyomoyo ardhi ipasuke kidogo, upana wa mtu mmoja. Haikupasuka.

"Sikupunguza, Shangazi," alisema kwa sauti ndogo. "Niliongeza."

"Uliongeza nini?"

"'Sana'."

Kinyozi alizima mashine ili acheke vizuri. Antena alishika nguzo ya kibanda. Mteja, nusu kichwa kimenyolewa, aliuliza, "Yaani mtu kajipigia debe ndani ya barua ya baba mkwe?"

"Futa tu neno, itakubali," alisema Antena akifuta machozi.

Randa akafuta, akamrushia Shangazi upya. Nyekundu tena: alisahau kurudisha nukta. Akairudisha, akaweka na nafasi mbele yake. Nyekundu.

"Niondolee mikono hapo," alisema Shangazi, akampigia kaka yake na kumweleza yote bila kumhurumia mtu. Randa akaona Jumamosi inakunjwa kama mkeka.

Kisha mzee akacheka, akakata simu. Punde mafaili mapya yakaingia, safari hii moja kwa moja kwa Shangazi. Akabonyeza "Hakiki". Kijani: SAHIHI NI HALALI.

Akasoma kwa sauti: "Namkubali. Ni kijana mwenye bidii. Hiyo 'sana' nitaiweka mwenyewe nikiliona kabati alilomwahidi binti yangu limekwisha."

Benchi likageuka tena. "Kabati limefika wapi?" aliuliza Kinyozi.

"Lina... lina mlango."

"Mmoja?"

Randa alikuwa amekwisha kusimama. "Shangazi, naomba niione hiyo barua kidogo tu."

"Mikono nyuma. Soma kwa macho."

Akaisoma, mikono nyuma kama mwanafunzi, kisha akachomoka kuelekea karakana, shati la pasi likipepea.

"Huyo anakimbia kwa bidii," alisema Antena.

"Sana," akaongeza Kinyozi.

"Futa hilo," alisema Shangazi, akifunga mkoba. "Mzee hajatia sahihi."