Mtaalamu wa Kikorea kutoka Uthiru

Jumanne, 3 Juni
Tangazo kwenye duka la vitabu mjini: kikundi cha wasomaji kinakutana Jumamosi, Spring Valley. Hadithi fupi za Korea, zimetafsiriwa kwa Kiingereza. Chai ipo. Nimenunua kitabu. Tangu nihamie Uthiru hakuna aliyebisha mlango wangu isipokuwa msoma mita ya maji. Jumamosi nitakuwa na marafiki!

Alhamisi, 5 Juni
Hadithi za ajabu mno. Mwanamke anayeishi peke yake anasikia mtu akitafuna ndani ya ukuta. Badala ya kukimbia, anaanza kumpakulia chakula! Nikafunga kitabu upesi. Kisha nikaweka sikio kwenye ukuta wangu. Kimya. Nimevunjika moyo, sijui kwa nini.
Kibe wa ofisini naye anaenda. Anajigamba amesoma kitabu chote mara mbili. Lazima nimpiku. Mpango: nitasema najua Kikorea.

Jumamosi, 7 Juni
Balaa. Tulikuwa watu saba. Kibe akaeleza kwamba mle ukutani hamna mtu, mwanamke anajidanganya tu. Wote wakakubali. Nikakohoa. Nikawaambia mfasiri amekosea. Kwa Kikorea chenyewe mtu yumo, tena humshukuru huyo mama kila siku. Wakanitazama kwa heshima! Kibe akanywea.
Ndipo mwenyeji wetu, Bi Namalwa, akanigeukia na kusema maneno marefu nisiyoyajua. Kumbe alifundisha Seoul miaka sita! Nikainama. Akarudia. Nikainama zaidi, chai ikanimwagikia. Kibe alicheka hadi akashika mbavu.
Namalwa hakucheka. Nilipoondoka alinifuata hadi getini. "Jackton," akasema, "si ungesema tu ulitaka huyo mama awe na mwenzake?" Nikatembea hadi Waiyaki Way suruali ikiwa imelowa.

Jumapili, 8 Juni
Ujumbe wa Namalwa! Atakuwa Kenyatta Market mchana na dada yake, wanakula nyama choma. Niende tu tupige gumzo, hata kama sijasoma chochote. Nimeusoma mara kumi na moja. Nikavaa shati. Halafu nikatumia akili. Anayekimbilia mwaliko huonekana hana watu! Nikamjibu kwamba samahani, leo nina wageni wengi, nyumba imejaa. Akajibu sawa, hatanisumbua tena.
Hatanisumbua! Sasa ananiheshimu. Mpango umefaulu kabisa. Nimeshinda ndani, pazia nimefunga, asije akapita akaona kiti ni kimoja.