Malalamiko kwa Mbunifu, Yapitie Bodi ya Shule

Bwana Royce Tillman,
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Harlan Fork, Kansas.

Ndugu Mwenyekiti,

Niwie radhi kwa kuchelewa kuandika. Kwenye kikao chenu cha Machi nilipewa dakika tatu za kusema, kama kila mzazi. Mbili zikaliwa na kilio cha mwanangu mchanga, Colby, ya tatu nikaimaliza kumwombea msamaha, kengele ikalia. Wiki sita zimepita, na leo ndiyo kwanza napata mikono yangu yote miwili.

Mliagiza kila kitabu cha baiolojia kibandikwe karatasi isemayo kwamba mageuko ya viumbe ni dhana tu, ya kupokelewa kwa tahadhari, na kwamba miili yetu ina dalili za kuundwa na Mbunifu mwenye akili. Nilikuwa miongoni mwa akina mama waliokuja kubandika. Keki ilikuwa nzuri. Nikakuuliza Mbunifu huyo ni nani, ukanijibu, "Mama Schrag, jina hilo bodi hailitaji." Sawa. Lakini anayemsemea mtu hakosi anwani yake. Naomba mmfikishie haya.

1. Meno. Colby anayaota kwa homa na machozi, na yote yataanza kung'oka akifika miaka sita. Fundi gani huweka mlango ili aje kuuvunja?

2. Njia ya uzazi. Saa thelathini na moja za uchungu, Bwana Tillman. Mume wangu, Darrell, hutengeneza mashine za kuvunia ngano. Alitazama, akauliza taratibu, "Hapa nani alipima?"

3. Mgongo. Tangu mimba ya Colby unaniuma usiku na mchana. Mama mkwe wangu, Vernelle, aliniambia, "Vumilia mwanangu, hayo ni ya Hawa." Nikamjibu kuwa bodi imesema hii ni sayansi, si Biblia, kwa hiyo Hawa hahusiki. Akaninunia hadi Jumapili.

4. Koo. Chakula na pumzi vinapita mlango mmoja. Juzi Colby alipaliwa na mkate wa mahindi, nikampindua kichwa chini na kumpiga mgongoni hadi akalia. Hili silisemi kwa mzaha.

5. Binti yangu Maribeth, miaka kumi na miwili. Ndiye aliyeyachora hayo manne kwenye bango lake la maonyesho ya sayansi. Mwalimu wake, Bwana Ostrander, akampa alama za juu. Ninyi mkalishusha bango, na mwalimu mkamrudisha nyumbani mpaka kikao cha Alhamisi. Tangu siku hiyo mtoto anakula kimya. Nilimuuliza habari za vyura wanaowasoma darasani, akasema, "Mama, nikiuliza tena watamfukuza na mwalimu mwingine."

Kwa hiyo naomba Mbunifu ajibu hoja zangu kwa maandishi kabla ya Alhamisi. Akishindwa, mwalimu arudi. Wakati tunasubiri, nimebandika karatasi yenu iliyobaki kwenye nepi ya Colby, ili kila atakayemshika ajue kwamba naye apokelewe kwa tahadhari.

Wasalimie wajumbe wote, hata yule aliyesinzia. Msalimie sana mkeo. Bakuli aliloniletea lenye tambi za kuoka nilipojifungua ninalo, nimeliosha, nitalirudisha.

Ni mimi, kwa heshima,
Kendra Schrag

Nyongeza: Nilipokuwa nafunga bahasha, Colby alinishika kidole, akakataa kukiachia. Maribeth akafungua kinywa mwenyewe. Akasema watoto hushika hivyo kwa sababu wahenga wetu wa kale walining'inia kwenye manyoya ya mama zao. Vernelle akasema, "Na Mungu ndiye aliyewapa mikono ya kushikia." Nilingoja ugomvi, haukuja. Wote wawili walikuwa wameinama wanautazama mkono ule. Nami nilitafuta kosa ndani yake, sikuliona. Kwa hiyo la kwanza hadi la nne nayafuta, msimsumbue Mbunifu. Ninachohitaji mniletee ni haya matatu tu: bango la Maribeth, lisikunjwe; Bwana Ostrander, arudi kabla ya somo la vyura; na dawa ya kutolea gundi, ya kutosha vitabu mia mbili na kumi na vinne. Nilibandika mimi, nitabandua mimi.