Marumaru ya Madam

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Nimeanza mkakati wa kuwa mkwe. Mama Élisabeth, mama yake mchumba wangu Laurette, anafanya kazi za ndani kwenye nyumba moja mtaa wa Bluff, mwaka wa kumi na moja huu. Magoti yanamsumbua. Madam, mwenye nyumba, yuko Joburg hadi Ijumaa, basi nikajitolea kupiga deki sebule. Mchumba mchapakazi hanyimwi mke. Mama akanielekeza: sabuni iko chini ya sinki, tia tone moja kwenye ndoo. Tone moja! Huo ni usafi au maombi? Nilishapitia madukani Isipingo kununua dawa ya choo, ile kali. Nikaimwaga yote. Sakafu ya marumaru ikatoa povu. Nikaona uchafu unakufa, moyo ukatulia.

Jumanne, 5 Agosti
Sakafu imekauka. Eish. Mabaka meupe, yasiyong’aa, kuanzia mlangoni mpaka kwenye kochi. Nimesugua, hayatoki. Nimevuta zulia nikayafunika. Mama akauliza mbona zulia limehama. Nikasema ndiyo mtindo wa siku hizi. Akasema sawa, mwanangu. Hilo “mwanangu” lilinichoma.

Jumatano, 6 Agosti
Mama ameinua zulia. Akasema labda ni yeye, Jumapili alimwaga maji ya limau, uzee huu. Nikajibu inawezekana, Mama. Nimeandika hivyo hivyo nilivyosema, nisije nikajidanganya baadaye.

Halafu akapiga magoti kusugua. Mbele yangu! Kwetu mama mkwe hata kikombe humpokei ovyo ovyo, unainama kwanza. Leo yeye ndiye yuko chini, na mimi nimesimama na soksi zangu safi. Akasema Madam akiona hili kazi imekwisha, na nani atamchukua mwanamke wa magoti haya. Nikatoka nje kuangalia geti. Geti halikuwa na shida yoyote.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimemleta Gosbert, Mtanzania wa Cato Manor, fundi wa sakafu za mawe. Alipitisha ukucha kwenye baka, akauliza kimemwagwa nini. Mama alikuwa nyuma yetu. Nikasema limau. Gosbert akasema limau halili sebule nzima, hii ni dawa ya choo. Akaeleza kuwa hapa hakuna doa la kutoa. Jiwe lenyewe limeliwa. Dawa yoyote yenye asidi inakula marumaru. Lazima lisagwe kwa maji na mashine, kuanzia diski kali za kukwaruza hadi laini, kisha poda ya kung’arisha.

Nikakiri. Mama hakupiga kelele, heri angepiga. Alisema tu kwamba jana niliacha apige magoti. Kisha akaniletea chai. Nimeinywa yote huku natazama ukuta.

Ijumaa, 8 Agosti
Tumesaga tangu asubuhi. Gosbert kwenye mashine, mimi kwenye ndoo. Jioni sebule ilikuwa inang’aa kila pembe. Gosbert alikuwa nje anapakia vyombo Madam alipoingia. Akashangaa, akasema sakafu haijawahi kupendeza hivi, nani kafanya. Mama akanitazama. Alikuwa ananipa nafasi ya kusema ukweli, nilijua kabisa. Nikasema ni mimi, Madam. Akafurahi, akanikabidhi bafu la juu, nalo la marumaru, liwe tayari kesho jioni. Mama akajifunika uso kwa kitenge.

Jumamosi, 9 Agosti
Gosbert hapokei simu. Mama amesema nimwendee Madam nimwambie ukweli, kwa sababu bafu likiharibika atakayefukuzwa si mimi. Ameniomba nisiguse kitu. Nimemwahidi, nikaona haya kweli kweli, machozi kidogo.

Lakini nimefikiri sana. Kosa langu lilikuwa dawa za kiwandani. Jiwe la asili linataka kitu cha asili. Nimenunua siki, chupa mbili. Mama ameondoka saa tatu kwenda kwenye maombi ya akina mama. Saa tatu na dakika tano nimefungua ya kwanza.