Waraka wa Presha Kazini

Kwa heshima na taadhima, Wakala wa Vibao vya Mitaa, Makao Makuu Temeke, unatangaza kwamba tatizo la presha kazini limekwisha. Limekwisha kwa waraka. Mimi, Wilbert, Afisa Utumishi, ndiye niliyeuandika, na sioni haya kusema umekaa vizuri.

Hali ilikuwa mbaya. Kila mtu anajua presha ni ugonjwa wa wakubwa, lakini watu wasio na hata kiti cha kuzunguka walikuwa wanajiugulia tu wanavyotaka. Nikaweka utaratibu. Mkurugenzi, mia na sitini na kuendelea. Makarani, mia na thelathini. Wahudumu wasizidi mia na ishirini. Mwenye presha ya Mkurugenzi atapewa gari la ofisi na ruhusa ya hospitali bila kuulizwa. Mkurugenzi Gaspar alisaini huku akitabasamu.

Siku ya upimaji, Nesi Tusajigwe alianza na Mama Mwajabu, mhudumu wetu kutoka Kiwalani, anayefagia ghorofa tatu na kuchemsha chai ya watu arobaini. Mashine ikasoma mia na themanini na tano. Nikaitwa haraka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Hii presha ni ya Mkurugenzi. Umeipata wapi?"

"Labda niliizoa nilipokuwa nafagia ofisini kwake. Mie kichwa kinanigonga tangu juzi, naona nyota mchana. Nipe karatasi niende hospitali."

"Huwezi kukaimu presha ya mkubwa bila barua, mama. Ishushe kwanza, halafu uombe ipande."

"Wilbert, huyu anaweza kuanguka hapa hapa!" Nesi alifoka.

Nikamweleza kwamba akianguka itakuwa ni nje ya utaratibu. Sikuwa na roho mbaya, ila mtu ukilegeza kamba kwa mmoja, kesho hata mlinzi atataka kiharusi.

Nesi akabeba mashine yake. "Basi twende kwa mwenye presha yake tukahakikishe."

Mkurugenzi alikunja mkono wa shati kwa furaha, mlango wazi, makarani wote wakichungulia. Mashine ikasoma mia na kumi.

"Hongera bosi," Nesi akasema. "Moyo wa mcheza mpira."

"Pima tena!"

Alipima tena. Mia na kumi. Mkurugenzi akalamba chumvi yote ya kachumbari yake ya mchana ili ipande, kisha akaniamuru nimuudhi. Nikamwambia ripoti ya mwaka imechelewa.

"Si utaandika wewe?"

Nikamwambia wananchi wa Manzese wamekuja juu, vibao vya mitaa yao vimeandikwa jina la Kimbiji.

"Si atawajibu karani?"

Mia na tano.

Nesi akausoma waraka wangu kwa sauti, neno kwa neno. Humu ndani mwenye presha ya Mkurugenzi alikuwa mmoja tu. Nilitafuta kifungu cha kupinga, lakini nilikuwa nimeandika vizuri mno. Dereva Salumu alikwishafungua mlango wa gari, na Mama Mwajabu akaondoka amekaa kiti cha nyuma. Moyoni nilifurahi, ingawa sikuliweka hilo kwenye kumbukumbu.

Mkurugenzi alishusha mkono wa shati. "Sasa mie nitaipataje?"

"Fanya kazi anayoifanya yeye," Nesi akajibu.

Mkurugenzi alichukua ufagio pale pale. Akapandisha ndoo za maji, maana bomba la juu halitoi maji tangu mwaka juzi, na faili la malalamiko ya bomba hilo hajawahi kulifungua. Makarani waliinamia kompyuta zao wakisema, "Wewe, chai vipi?" bila kutazama ni nani. Mmoja alimrudisha mara tatu kwa sababu ya sukari.

Saa tisa Mama Mwajabu alirudi, dawa mkononi, uso umetulia. Mkurugenzi alikuwa amekaa chini kwenye korido, tai imeloa, anahema, mashine ya Nesi imefungwa mkononi.

"Mia na sitini na tano!" alimwambia, machozi yakimlengalenga. "Nimeipata, mama! Nimeipata!"

"Hongera, baba," Mama Mwajabu akasema, akimtengea kikombe cha maji. "Hiyo ni ya ghorofa ya kwanza. Bado mbili."