Waitaliano kwa Mama Mkwe

Alhamisi, 10 Julai 2025
Nimekabidhiwa Waitaliano wanane kwa Jumamosi nzima. Jiwe la Bismarck, kisiwa cha Saanane, halafu chakula. Gidion, mwongoza watalii mwenzangu, alidhani watampa yeye kwa kuwa alifundishwa Kiitaliano na masista. Mimi najua "ciao", na nina mpango. Watakula kule Kiseke, kwenye mgahawa wa Mama Dorotea, mama yake mchumba wangu Evelina. Posa imepokelewa, lakini mama huyo bado anaulizia kazi yangu ni ipi hasa. Sasa ataiona.

Ijumaa, 11 Julai
Gidion kaniuliza nitakaa wapi wageni wakila. Maana kwetu Wasukuma huli mbele ya mama mkwe, humshiki mkono, na mkikutana njiani unapisha. Nikamjibu sihitaji kufundishwa mila na Mjaluo. Nitakula nje, nyuma ya jiko, mgongo nikiwa nimempa. Wivu tu unamsumbua.

Jumamosi, 12 Julai
Saanane tumbili aliniibia kofia. Nikawaambia wageni ni sehemu ya ziara. Wakapiga makofi.

Kiseke. Sato wa kubanika, ugali wa moto. Wageni wakakaa, wakakunja mikono. Hawali. Bibi mmoja, Franca, akaja mpaka nyuma ya jiko akanishika mkono, akasema kwa Kiingereza: bila mimi hakuna anayekula. Mumewe akaingia jikoni, akamtoa Mama Dorotea kwa heshima zote. Tukakalishwa benchi moja, bega kwa bega. Nikamtazama sato. Franca akauchukua mkono wangu, akauweka begani kwa mama mkwe, akapiga picha.

Ningeweza kuinuka. Ila niliwaza Gidion atakavyocheka, nikatabasamu. Mama Dorotea akajifunika kanga uso mzima, akatoka kwa mlango wa nyuma. Wageni wakashangilia. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Jumapili, 13 Julai
Evelina kapokea simu mara moja tu. Mama hajala tangu jana. Wajomba wanataka posa irudishwe. Akasema ananipenda lakini hawezi kumvua mama yake nguo hadharani kwa ajili yangu. Nimelia. Bila Evelina sijui nitaishi vipi.

Jioni nikasikia Gidion alikwenda Kiseke kuniombea, bila kutumwa. Mama kakubali jambo moja: Jumamosi niende na mshenga, Mzee Ng'washi. Mzee aingie aseme. Mimi nibaki nje ya ua, nisionekane, nisiseme, nisilete chochote.

Jumatatu, 14 Julai
Nimetafakari sana. Mtu mzima haendi kuomba radhi mikono mitupu. Bahati nzuri Franca kanitumia ile picha. Imetoka vizuri mno: mkono wangu begani kwa mama, kabla hajajifunika. Nimeipeleka kwa fundi wa picha kule Buswelu aikuze, aiwekee fremu ya dhahabu. Fundi kaniuliza mara mbili kama huyu ni mama yangu mzazi. Nikamwambia ni zaidi ya huyo.

Itakaa sebuleni kwake, mkabala na mlango. Mzee Ng'washi sijamwambia, atapunguza utamu. Nitaingia nayo mwenyewe, nimkabidhi mkononi.